Kigaga cha Msonobari

Miaka thelathini na mmoja nilikata miti kwa mshahara,
nikaihesabu kwa meta za ujazo, si kwa jina.
Leo nimekwenda msituni na kisu cha siagi.

Kwanza barua. Msitu ule ni wa Raili Hakkarainen,
na huku Kainuu beri ni za yeyote mwenye ndoo,
uyoga vilevile,
lakini ulimbo wa mti una mwenyewe.
Alijibu kwa mstari mmoja: Chukua, Oiva,
ila usiniachie mti uchi.

Theluji ya Machi ilikuwa imeshika ganda,
nikatembea juu yake kama mwizi mnene,
kila hatua nikiomba isinitangaze.
Msonobari wenyewe ni wa sindano fupi,
una jeraha la zamani ubavuni.
Nalijua jeraha hilo. Trekta langu lilipita hapa
mwaka aliozaliwa Kerttu,
likakwaruza, nami sikushuka kutazama.
Mti ukajitibu peke yake,
ukatoa machozi ya njano, tone kwa miaka,
yakakauka yakawa kigaga.

Nikabandua vikavu tu,
vyenye rangi ya meno ya mvuta kiko.
Kile kibichi, kinachong'aa, nikakiacha:
kidonda kinachofunga hakitoneshwi.

Sylvi ameosha sufuria za shule miaka ishirini na minne.
Vidole vyake vimepasuka kwenye viungo
kama ganda la mkate mweusi.
Krimu za dukani anazikataa:
zinanuka, asema, kama bibi harusi wa watu wengine.

Basi, jikoni.
Gramu hamsini za vigaga, mafuta ya mbegu robo lita,
gudulia la kioo ndani ya sufuria ya maji,
moto mdogo, tena mdogo kuliko huo,
maana ulimbo ukipandwa na hasira
huwaka kabla hujapata kifuniko.
Saa mbili nimesimama.
Juu ya mafuta vikaelea magome, sindano,
na mbu wa mwaka gani sijui,
miguu yake yote sita imekunjwa vizuri.

Chujio: soksi ndefu ya Sylvi, ya nailoni, ya kanisani.
Hilo hajaniuliza. Nami sijasema.

Kisha nta ya nyuki.
Mara ya kwanza niliizidisha, likatoka jiwe,
ungeweza kuzibia dirisha.
Kerttu kwenye simu, kutoka Tampere:
Baba, vitu hivi vinauzwa.
Nikamwambia najua.
Nikayeyusha upya.

Usiku nikamwambia Sylvi, lete mkono.
Akasema anza na wako,
ndani ya kiwiko, ungoje hadi kesho,
mimi nimeishi nawe, nayajua majaribio yako.
Nikapaka. Tukangoja. Haikuwasha.

Kesho yake alikaa karibu na dirisha,
akanipa mkono wa kulia, kisha wa kushoto,
kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima.
Marhamu ikaingia kwenye mipasuko,
rangi ya chai isiyo na maziwa.
Hakusema inaponya. Alisema: inavuta.
Kisha akanusa vidole vyake,
akanyamaza,
akauliza lile trekta tuliliuza bei gani.

Sikukumbuka. Nikataja bei yoyote.

Sufuria haijatakata hata kwa majivu.
Na kitasa cha mlango wa jikoni,
nilichokishika siku ile kwa mikono ya ulimbo,
hadi leo kila tukipita
kinatukamata mkono,
hakiachii upesi.